Mashine Isiyosikika

Tarehe 9 Februari

Mwanangu Bisibisi,

Pokea salamu zangu na za kila aliyepita mlangoni akaniona nimekaa naandika. Mimi mzima, isipokuwa goti la kulia, la kukanyagia cherehani, ambalo siku hizi linajiamulia lenyewe siku ya kufanya kazi. Baba yako mzima. Bado anapaka rangi nyumba za watu huku ya kwake inabanduka, na ukimwambia anasema huyo mteja halipi. Dada yako amejifungua mtoto wa kike, wote wawili salama, na mtoto analia kama mtu anayedai haki yake.

Utashangaa kuona barua wakati simu ninayo. Simu ninayo, lakini miaka yangu na cherehani imenizoesha kuongea kwa kupaza sauti, nikikupigia kutoka hapa sebuleni mpaka watu wa saluni ng'ambo ya barabara wanapata habari kamili. Meseji nazo mume wangu, Dereva, huzisoma kabla yangu, kwa sababu yeye ndiye anayejua miwani yangu ilipo. Na hili sitaki alijue. Kwa hiyo nimeelewana na karani wa vifurushi pale ofisi ya mabasi: barua zako mwachie yeye, mimi nitazifuata.

Sasa jambo lenyewe. Unajua mume wangu alistaafu mwaka jana, baada ya miaka thelathini ya kuendesha basi la safari ndefu. Nilidhani nimempata. Kumbe kila jioni, akishanawa mikono baada ya chakula, anavaa viatu anakwenda kwa jirani, yule mhasibu mstaafu mwenye tivii kubwa kama mlango na viti vya ngozi. Wanaangalia filamu wawili hao kama wachumba. Nilimuuliza nyumbani kwake pana kasoro gani. Akasema hapa hasikii kitu, kuna kelele. Akafunga kamba za viatu akaondoka.

Nimechunguza. Deki yetu ya zamani inakoroma ukiiwekea sidii, na friji liko hapahapa sebuleni linatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Kijana wa duka la vifaa vya umeme ameniambia watu siku hizi wanaweka kompyuta chini ya tivii, na nyumba inageuka sinema. Wewe ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo. Nichagulie vipuri. Bajeti ni ile ya sare za shule nilizoshona Januari, na haitanuki. Masharti yangu ni mawili tu: ikae kwenye rafu ya chini ya tivii, na isisikike hata kidogo. Nitaifunga mwenyewe. Mtu aliyeunganisha cherehani ya umeme bila karatasi ya maelezo hawezi kushindwa na kasha la bati.

Mwanangu, nataka mume wangu akae kwenye kochi lake jioni. Sina ombi lingine.

Na yule fundi wa simu wa duka la chini, aliyekuwa anakubebea mizigo ngazi zote zile, anaendeleaje? Kama hutaki kunijibu usinijibu, lakini nijibu.

Shangazi yako

---

Tarehe 27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Barua yako imechelewa kunifikia kwa sababu karani wa vifurushi wa upande huu aliitia kwenye droo pamoja na tiketi za watu. Nimeikuta ina harufu ya mafuta ya breki. Mimi sijambo. Chumba changu bado ni kilekile, juu ya duka, na mwenye nyumba bado anaahidi bomba. Mwambie dada nimefurahi mpaka nimewaonyesha wateja picha ya mtoto, na mmoja akaniomba punguzo kwa ajili hiyo.

Nimeisoma orodha ya masharti yako na nimecheka, halafu nikachukua kalamu. Kwanza, usimsikilize yule kijana wa duka. Atakuuzia mashine ya kuendeshea benki. Filamu ni kazi nyepesi.

Prosesa ndiyo mota ya cherehani. Wewe hushoni turubai, kwa hiyo huhitaji mota ya turubai. Tutachukua prosesa ndogo isiyokula umeme mwingi, ambayo uwezo wa kuonyesha picha umo ndani yake. Hapo tunakwepa kununua kadi ya picha, na hiyo kadi, Shangazi, ndiyo yenye feni zinazovuma kama zinataka kuruka. Ramu ni meza yako ya kukatia: ikiwa ndogo mno kitambaa kinaning'inia na kazi inakwama, ikiwa kubwa mno umenunua meza ya kuwekea vumbi. Gigabaiti nane zinakutosha. Diski tutachukua ile isiyozunguka. Ndani yake hakuna kinachotembea, kwa hiyo hakuna cha kusikika.

Kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha kugawa umeme, usibane pesa. Ya bei poa ikifa haifi peke yake, inakwenda na wenzake. Na feni, jambo ambalo wengi hawalijui: feni kubwa inayozunguka taratibu ni tulivu kuliko feni ndogo inayokimbia. Ndiyo maana sitaki kasha liwe dogo sana. Nipimie hiyo rafu, urefu, upana na kina, kisha niandikie.

Nitatafuta vingine vilivyotumika. Kuna ofisi hapa inahama na inauza mashine zake, na mashine za ofisi huwa hazijateswa.

Swali moja ili nikujazie za kuanzia: Mzee anapenda filamu za namna gani?

Bomba likija nitakujulisha.

Mwanao, Bisibisi

---

Tarehe 15 Machi

Bisibisi mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Huku wote tupo. Mtoto wa dada yako ameshaanza kutabasamu, ingawa baba yako anadai anamtabasamia yeye peke yake. Mimi goti limepona, nadhani limesikia nimelisema vibaya.

Rafu nimeipima. Vipimo viko nyuma ya karatasi hii, na ni vya mtu anayepima viuno vya watu wasiosema ukweli, kwa hiyo viamini. Friji nimelihamishia jikoni, sasa mlango wa jikoni unafunguka nusu na mimi naingia kwa ubavu. Bawaba zote nimezitia mafuta. Saa ya ukutani nimeitoa betri. Dereva aliuliza friji limekosa nini. Nikamwambia sakafu ya pale inataka kupumzika. Akanitazama, akavaa viatu.

Sasa tuje kwenye ramu. Unaniambia meza ndogo inatosha kwa sababu wewe hujawahi kukata gauni la bibi harusi lenye mkia. Mimi nimewahi kulikata sakafuni kwa magoti, na sikubali aibu hiyo tena. Niwekee kumi na sita.

Pia usikasirike. Nilipita kwa yule kijana wa duka, kuuliza tu, nikatoka na kasha. Lina kioo ubavuni na taa za rangi tatu zinazobadilika zenyewe. Alisema ndilo wanalonunua watu wote wanaojua. Nimelificha chini ya kitanda nimelifunika kitenge, lakini ni zuri, siwezi kusema uongo.

Kuhusu filamu anazozipenda, weka za kawaida. Anaangalia za watu wanaokimbizana, nadhani. Au za wanyama. Mbona unaniuliza maswali ya polisi?

Hukunijibu kuhusu fundi wa simu.

Shangazi yako

---

Tarehe 6 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Mzima mimi, na bomba limekuja. Maji bado, lakini bomba lipo, tunalipita tunaliheshimu.

Lirudishe hilo kasha. Nimeangalia vipimo vyako: kwenye rafu haliingii hata ukilisemesha vizuri, na lile limetengenezwa kwa feni nne. Zile taa nazo zitammulika Mzee usoni filamu nzima. Mwambie yule kijana kwamba fundi wako amekataa, na kama akibisha mpe namba yangu ya simu. Nitafurahi kuongea naye.

Badala yake nimepata kasha la bapa, jeusi, halina mbwembwe, lilikuwa la ofisi ile inayohama. Nimelisafisha kwa brashi mpaka nikapiga chafya mchana kutwa. Bodi, ule ubao unaobeba vipuri, na prosesa nimevijaribu hapa dukani siku kadhaa, nikivichezesha filamu moja baada ya nyingine, na prosesa haikupata joto la kutisha. Nimeweka feni moja kubwa ya taratibu. Diski na pawasaplai ni mpya. Ramu ni nane, na kuna nafasi ya pili ipo wazi pembeni. Siku ukimshonea kompyuta gauni la harusi, utaongeza.

Vyote vinakuja na basi la Jumatano kwa karani. Ukivifungua, gusa kwanza bati la kasha ili umeme wa mwilini ukutoke, na vipuri uvishike pembeni kama unavyoshika picha. Ile dawa ya kupozea iliyo kwenye bomba dogo inakaa juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele. Narudia, punje moja, hupaki mkate. Halafu unakaza kile kipoza joto kwa skrubu nne, kidogo huku kidogo kule, kwa mshazari, ili kisilalie upande.

Filamu nimekuwekea mchanganyiko kwa sababu jibu lako lilikuwa na watu na wanyama wote wa duniani.

Umeniuliza tena kuhusu mtu wa duka la chini. Duka la chini limepakwa rangi mpya, ya buluu. Linapendeza.

Mwanao, Bisibisi

---

Tarehe 21 Aprili

Mwanangu,

Rangi ya buluu nimeisikia. Nimenyamaza.

Huku tuko wazima, ila moyo wangu ulisimama siku ile ya Alhamisi. Nani kaniletea kifurushi chako? Dereva mwenyewe. Alikwenda ofisi ya mabasi kuwasalimia wenzake wa zamani, na karani, ambaye nimemlisha maandazi miezi miwili anitunzie siri, akamkabidhi kama anakabidhi gazeti. Dereva aliingia amekibeba begani, akakiweka mezani na kusema, "Kifurushi chako, mke wangu." Nikamwambia ni vipuri vya cherehani. Akasema cherehani za siku hizi zina uzito. Basi, akala, akanawa, akavaa viatu.

Nimeifunga mchana, akiwa kwenye bao lake. Bati nimeligusa, punje ya mchele nimeipima kwa mchele wenyewe. Skrubu za mshazari hazikunisumbua, ndivyo tunavyobana pindo la sketi ya duara. Nilipowasha, kimya na giza. Nikaizima, nikaiwasha, giza. Nilikaa sakafuni nikajisema maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikakumbuka ule waya mwembamba wa pawasaplai wenye pini nne, nikaukuta umejificha nyuma ya bodi hajaushika mtu. Nikauchomeka.

Nikawasha tena, nikaweka sikio kwenye kasha. Sikusikia kitu, nikadhani imekufa moja kwa moja. Nikainua uso kuilaumu, nikaona tivii imejaa picha. Mwanangu, hiyo mashine haisikiki. Ukiiwasha ni kama umewasha mto wa kulalia. Machozi yalinitoka kidogo, usimwambie baba yako.

Jumamosi namwambia Dereva asiende popote. Nimeshafua vitambaa vya kochi.

Shangazi yako mwenye furaha

---

Tarehe 30 Aprili

Bisibisi,

Leo salamu utazipata kwa baba yako.

Mashine yako ni mbovu. Jumamosi nilimketisha Dereva kwenye kochi, chai mezani, nikavuta kitambaa na kumwonyesha. Alifurahi kweli, alinishika bega, akauliza hivi ndivyo vile vipuri vya cherehani. Alichagua filamu mwenyewe, na mimi nikaendelea na shughuli zangu ili nisimsumbue. Haikufika robo saa, nikamwona anaongeza sauti, anaipunguza, anaongeza tena, anajisugua masikio. Mara amesimama. Nikamuuliza, "Kelele ipo bado?" Akasema, "Mashine ni nzuri sana, mke wangu. Hongera." Akavaa viatu.

Nilibaki na chai mbili. Zote mbili nilizinywa mimi, kwa hasira, na tumbo likaniuma.

Labda ina mlio ambao mimi siusikii. Watu waliokaa na injini wana masikio yao. Niambie ni kipuri gani nikitoe, au nikurudishie yote na basi la Jumatano.

Shangazi yako

---

Tarehe 11 Mei

Shikamoo Shangazi,

Salamu nimezipata kwa baba, kama ulivyoelekeza. Aliniuliza tumegombana nini. Nikasema hatujagombana, ni mambo ya kiufundi.

Barua yako nimeisoma nikaiacha, nikairudia kesho yake. Mashine si mbovu. Niliichezesha hapa siku kadhaa na mteja mmoja akaweka kikombe chake juu yake akidhani ni meza. Kwa hiyo sikuambii utoe kipuri chochote. Nina swali, na tafadhali usinikasirikie. Filamu ilipokuwa inaendelea, wewe ulikuwa umekaa wapi, na hizo shughuli zako zilikuwa zipi?

Nauliza kwa sababu nimeishi kwenye hiyo sebule likizo zangu zote. Nilikuwa nalala kwenye kochi hilohilo huku unashona, na nikirudi hapa chumbani kwangu siku za kwanza usingizi unakataa kwa kuikosa ile cherehani. Naipenda, Shangazi. Lakini sikumbuki hata siku moja niliyosikia taarifa ya habari cherehani ikiwa imewashwa. Tulikuwa tunaitazama midomo ya watangazaji. Wewe uliizoea, na mimi nilikuwa mtoto. Mzee alikuwa barabarani.

Umehamisha friji, umetia mafuta bawaba, umesimamisha saa. Mimi nimekutafutia prosesa isiyopata joto na feni isiyovuma. Sote wawili tumefanya kazi nzuri sana. Iliyobaki ni moja, na hiyo iko chini ya goti lako la kulia.

Nakupenda sana. Nisamehe kama nimevuka mpaka.

Mwanao

---

Tarehe 20 Juni

Shikamoo Shangazi,

Karani anasema barua yangu ya Mei alikupa mkononi na ukaisoma palepale, umesimama. Baba anasema u mzima, unashona, unasalimia watu. Mimi tu ndiye ambaye sijasikia kitu. Basi nakuandikia ili ujue kwamba bado nipo, na kwamba kama ungependa turudi kwenye habari za ramu ya kumi na sita, nitakuwekea bila kubisha.

Nikuambie na langu, ili tusawazike. Yule fundi wa simu aliniuliza jambo mwezi wa nne. Unajua ni jambo gani. Sijamjibu mpaka leo. Siyo kwamba simtaki, namtaka. Ila nikiwatazama watu wawili ndani ya chumba kimoja, najiuliza wanaambiana nini habari zote zikishaisha. Nilitaka kukuuliza wewe, kisha nikaona mimi ndiye niliyekuchokoza, sina uso wa kukuuliza.

Nikipata nafasi nitakutumia filamu nyingine, labda zile hazikuwa za kumpendeza.

Mwanao, Bisibisi

---

Tarehe 4 Julai

Mwanangu Bisibisi,

Marahaba. Sote wazima. Mtoto ameota jino, baba yako ameanza kupaka rangi nyumba yake na amekwishamaliza ukuta unaoonekana barabarani.

Nilikukasirikia, nisikufiche. Nilitoka pale kwa karani nikijisemea kwamba nimekulea kwa cherehani hiyo, nimekushonea sare kwa cherehani hiyo, na leo unaniambia mimi ndiye kelele. Nikarudi nyumbani nikashona kwa nguvu wiki nzima. Halafu jioni moja nikatazama nilichokuwa nashona. Kilikuwa kipande cha kitambaa tu, hakina mteja, na nilikuwa napita juu ya mshono uleule kwa mara sijui ya ngapi.

Nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Alipokuwa anaendesha, Dereva alikuwa anakuja siku mbili anaondoka. Siku mbili hizo tulikuwa na habari za kupeana, na kabla hazijaisha basi lilikuwa linamsubiri. Tumeishi vizuri hivyo miaka yote. Alipostaafu, habari ziliisha wiki ya kwanza. Ikabaki sebule, yeye, mimi, na kimya. Mwanangu, niliogopa. Nilimtazama mume wangu wa ndoa nikaona sijui nimwambie nini. Ndipo nikawasha cherehani, na sikuizima tena jioni yoyote. Wewe uliponiuliza anapenda filamu gani, nilikujibu kwa ukali kwa sababu sikuwa najua.

Basi, Jumapili ya kwanza ya mwezi uliopita nilichomoa waya wa cherehani, nikaifunika, nikaenda kukaa kwenye kochi na mikono mapajani kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa. Dereva alikuwa ameinama anafunga kiatu cha pili. Nikasema, "Kaa. Leo sishoni." Akaitazama cherehani, akanitazama mimi. Akasema, "Nilidhani hutaki niwepo." Nikamwambia nilikuwa sijui kukaa naye. Ilinitoka hivyo hivyo, bila kupangwa. Alikivua kile kiatu kimoja, akawasha mashine yako, akaja kukaa na kingine mguuni.

Filamu aliyochagua ni ya lori linalopanda mlima wa mawe. Lilikuwa halijafika hata kona ya kwanza, Dereva akachukua rimoti akalisimamisha. Akasema pale dereva alitakiwa apunguze gia, na akaanza kunieleza basi lililomgomea kwenye mteremko wakati wa mvua, abiria wote wameshuka isipokuwa mama mmoja aliyepakata kioo cha kabati. Njia nzima mama yule alikuwa amemwelekezea kile kioo, anamtazama usoni, na kila Dereva akipiga miayo anamwita aamke. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Miaka thelathini na hiyo sikuwahi kuisikia. Nikamwambia na mimi ya bibi harusi aliyerudi siku ya tatu nimfumulie gauni nimshonee mapazia. Akataka kujua mapazia yalitosha madirisha mangapi. Tukaliwasha lori. Likaenda kidogo, akalisimamisha tena.

Nilimuuliza kama kwa jirani nako wanasimamisha hivi. Akasema kwa jirani rimoti iko mkononi mwa jirani, na pale hakuna aliyewahi kumuuliza kitu kuhusu barabara. Sasa jirani ndiye anayekuja kwetu siku za Jumanne. Tunampa chai, na akiomba filamu iendelee tunamwambia avumilie.

Sidhani siku hizi naogopa. Kuna jioni tunakaa kimya hata bila filamu, na kimya chenyewe kimepoa. Kushona nashona asubuhi, goti limefurahi.

Unauliza watu wanaambiana nini habari zikiisha. Mwanangu, mimi si mtaalamu, nimeanza kujifunza juzi. Lakini usimwache mtoto wa watu akining'inia tangu mwezi wa nne. Mjibu. Kama ni ndiyo, mwambie ndiyo, na hayo mengine mtayakuta humo ndani.

Ramu ya nane inatosha, nimekubali. Na filamu nyingine usitume. Tuko kwenye ileile ya kwanza, na lori bado halijafika juu.

Shangazi yako, na Dereva hapa kando anakusalimu